Je, Wajua? Mchanga Peke Yake Hautoshi

Mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, mwaka 2015, ni mtoto wa Karatu, Tanzania. Dkt. Askwar Hilonga alisomea nanoteknolojia Korea Kusini, kisha akafundisha Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Chujio lake la maji, lililoshinda tuzo hiyo, huanza na mchanga. Utasema mchanga umechuja maji tangu enzi za mababu. Kweli, ila hunasa tope na vijidudu tu. Floridi, inayotia meno rangi ya kahawia huku kaskazini, hupenya. Kuchemsha ndiyo kabisa: maji hupungua, floridi hubaki. Hapo ndipo chembechembe za nano huingia, zikipangwa kulingana na uchafu wa maji ya kila eneo. Zawadi ya tuzo hiyo ilikuwa pauni 25,000. Kampuni yake, Gongali Model, imebeba jina la kijiji chake.