Adapta ya mashine ya kukatia stairofomu: usiangalie volti peke yake

Wadau wa mapambo, hii ni yenu. Ile stairofomu nyeupe ya kwenye boksi la TV, ukitaka herufi za harusi au bethidei unaikata na waya wa moto. Fremu unajitengenezea mwenyewe. Shida huwa ni umeme.

Mimi nilianza na adapta ya ruta, 12V 1A. Ikachemka, ikafa nikiwa herufi ya tatu, na oda ni ya kesho yake! Volti zilikuwa sawa, ampea ndiyo hazikutosha.

Hesabu ni hii: volti gawanya kwa omu, unapata ampea. Waya wa naikromu wa milimita 0.3, urefu sentimita 40, una omu kama 6. Sasa angalia:

✅ 12V: ampea 2. Inakata safi. Nunua iliyoandikwa 3A au 5A, zile za kamera au taa za LED. Usiogope 5A, waya utachukua 2 zake tu.
❌ Chaja ya simu, 5V: ampea 0.8. Joto dogo, haikati.
❌ Chaja ya laptop, 19V: ampea 3 na zaidi. Waya unakuwa mwekundu, stairofomu inatoa moshi.

Ukiona moshi, ongeza urefu wa waya, joto litashuka. Katia penye hewa.

Na usije ukachomeka waya moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Ile ni 230V, inaua. Oda itasubiri, wewe huna spea.