Tiba ya Kashimo Kadogo: Venye Madaktari Wanafunzwa Kutibu Bila Kukupasua

Kama uko na mathe, auntie ama sista ambaye ashawahi kuambiwa ako na faibroidi, hii stori unaijua. Anaenda kliniki, anapigwa ultrasaundi, daktari anacheki picha, anakunja uso kidogo, halafu anampa menyu ya vitu viwili: meza dawa tungoje, ama tupasue. Na mara nyingi hiyo ya kupasua inamaanisha kizazi chote kitoke. Msichana wa miaka 34 anapanda mat akiwa kimya, hajui ataanzia wapi kuambia watu kejani.

Chenye wengi hawaambiwi ni kwamba kuna njia ya tatu. Daktari anatoboa kashimo kadogo kwa kinena ama kwa kifundo cha mkono, anaingiza kamrija kembamba ndani ya mshipa, anakasukuma akifuata kwa skrini hadi kwa mishipa yenye inalisha kizazi. Akifika hapo anamwaga vipunje vidogo sana, saizi ya chembe za mchanga, vinaziba njia ya damu kwenda kwa faibroidi. Faibroidi ikikosa lishe inanyauka polepole. Mgonjwa mara nyingi analala usiku mmoja hospitali, maumivu yanamsumbua siku za kwanza (na hayo maumivu si mchezo, tusidanganyane), halafu anarudi kwa shughuli zake baada ya wiki moja ama mbili. Kizazi kiko pale pale.

Si kila mtu inamfaa. Kama bado unataka watoto, hiyo ni stori ya kukaa chini na daktari muongee kwa kina, kwa sababu kuna wenye kutoa faibroidi peke yake kwa upasuaji ni afadhali kwao. Lakini kujua iko ni haki yako.

Na si kitu ya jana. Madaktari wa Paris wakiongozwa na Jacques Ravina walichapisha kazi yao juu ya hiyo njia mwaka wa 1995. Hiyo ni miaka 30 na kitu. Sasa mbona hujawahi kuisikia? Mashine ni sehemu ya jibu, ganji ni sehemu ya jibu. Lakini sehemu kubwa ni mikono. Wenye wanajua hiyo kazi ni wachache sana huku kwetu, na haifunzwi kwa kitabu.

Acha nikuchanue kidogo. Fani yenyewe wenzetu wa Tanzania wanaiita tiba radiolojia, na madaktari wenyewe wanasema tu IR. Usiichanganye na ile mionzi ya kuchoma saratani. Radiolojia ya kawaida ni ile ya kusoma picha: eksirei, ultrasaundi, CT skani. Daktari anaangalia, anaandika ripoti, anakutuma kwa mwingine akutibu. Wa IR anatumia hizo picha kama ramani, halafu anaingia mwenyewe na sindano, waya na mirija. Anafungua mshipa umeziba, anaziba mshipa unavuja, anatoa usaha ndani ya ini, anachukua kanyama kadogo kwa uvimbe ili kapimwe kama ni saratani.

Na hapa ndio mambo inakuwa serious hata kuliko faibroidi. Chukua saratani ya mlango wa kizazi, yenye inaua wanawake wengi sana Afrika Mashariki. Uvimbe ukikua unaweza kubana mirija miwili yenye inatoa mkojo kwa figo kupeleka kwa kibofu. Mkojo unarudi nyuma, figo zinavimba, zinaanza kufa. Mgonjwa hapo hata kemo hawezi kupewa vizuri, kwa sababu dawa nyingi zinahitaji figo zenye zinafanya kazi. Daktari mwenye amefunzwa anamlaza kifudifudi, anatafuta figo kwa ultrasaundi, anadunga kupitia mgongoni na kuacha mrija unaotoa mkojo nje kwa mfuko. Ikienda fiti ni kazi ya chini ya saa moja, mgonjwa akiwa macho, amegandishwa tu hapo mahali pa sindano. Figo zinapata pumzi, matibabu yanaendelea. Bila huyo daktari, mathe anapoteza figo akingoja foleni ya kitu kingine.

Ama mama amejifungua, damu imekataa kuisha. Mishipa ya kizazi inaweza kuzibwa kwa njia ile ile ya faibroidi, kabla wafike mahali pa kukata. Lakini hiyo inataka mtu mwenye mikono imezoea awe karibu, saa hiyo hiyo. Si wiki ijayo.

Turudi nyuma kidogo, juu historia ya hii kitu ina vituko. Mwaka wa 1953 daktari kijana wa Sweden, Sven-Ivar Seldinger, alichapisha mbinu yenye hadi leo ndio msingi wa kila kitu. Dunga sindano kwa mshipa. Pitisha waya laini ndani ya sindano. Toa sindano, waya ubaki. Telezesha mrija juu ya waya. Toa waya. Ni hivyo tu. Ilionekana rahisi sana hadi akaambiwa haitoshi kuwa kazi ya kupata udaktari wa falsafa, ikabidi atafute mada nyingine. Manze!

Halafu tarehe 16 Januari 1964, mji wa Portland, Marekani. Nyanya wa miaka 82, mguu umeanza kuoza kwa sababu damu haifiki. Madaktari wa upasuaji wanataka kukata mguu, yeye amekataa katakata. Anapelekwa kwa Charles Dotter, daktari wa eksirei mwenye wenzake walikuwa wanamuona kama kichaa. Dotter anapitisha waya penye mshipa umebana, halafu mirija, mmoja mnene kuliko mwingine, hadi njia inafunguka. Mguu ukapata joto. Huyo nyanya alitembea na miguu yake miwili hadi akafariki, zaidi ya miaka 2 baadaye, kwa sababu nyingine kabisa. Dotter ni yule jamaa mwenye alikuwa anajitengenezea vifaa kwa kutumia hata nyuzi za gitaa. Roho ya jua kali, lakini Oregon.

Sasa, mtu anafunzwaje hiyo kazi?

Kwanza elewa urefu wa safari. Tanzania, kwa mfano, ni miaka 5 ya shahada ya udaktari, mwaka 1 wa mafunzo ya wodini, miaka 3 ya kusomea radiolojia, halafu miaka 2 juu ya hiyo kwa ajili ya IR. Jumla 11, na hapo hajafeli mtihani hata mmoja. Hapa Kenya shahada ya kwanza pekee ni miaka 6. Rika lake tayari wako na watoto shule, yeye bado anaitwa mwanafunzi.

Na ile ya mwisho ndio ngumu, kwa sababu ni ya mkono. Kama umewahi kucheza FIFA unajua macho yanakuwa kwa skrini huku vidole viko chini vinafanya yao. IR ni hivyo, tofauti ni kwamba picha ni bapa na mwili si bapa. Mshipa wenye unaonekana unaenda kulia unaweza kuwa unakuja mbele. Mwanafunzi lazima afunze kichwa chake kujenga hiyo picha upya kila sekunde, na vidole vihisi penye waya umekwama. Kuna kukwama kwa kona, kunataka kuzungushwa tu. Na kuna kukwama kwenye ukisukuma unatoboa mshipa. Hiyo tofauti hakuna slaidi inaweza kukuonyesha.

Kwa hivyo wanaanza chini kabisa. Kipande cha kuku ama jelatini yenye wamefichia kitu ndani, sindano mkono mmoja, kidude cha ultrasaundi mkono mwingine. Ukiweza kuona ncha ya sindano kwa skrini kila mara, unasonga. Wengi huona sindano ikiingia, halafu ncha inapotea, na ncha ikipotea hujui unachoma nini.

Kisha unaingia chumbani kama mtazamaji. Baadaye unashika waya wakati mkubwa anafanya, na sheria ya kwanza yenye utasikia hadi uote usiku ni: usiachilie waya. Waya ukitoka umepoteza njia, na ukizama wote ndani, umeunda mgonjwa mwingine. Halafu siku moja mkubwa anakusogezea mgonjwa, yeye anasimama begani kwako. Miezi baadaye anasimama nyuma ya kioo. Kila kazi unaiandika kwa daftari: ulifanya nini, ulisaidiwa wapi, ni nini kilienda mrama.

Hayo yote ukiwa umevaa aproni ya risasi yenye uzito wa kilo kadhaa, na kola ya kulinda shingo, kwa sababu eksirei inawaka ukiwa hapo hapo. Kifuani kuna kabeji kenye kanahesabu mionzi yenye umekula. Kiwango chenye kinashauriwa kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, kwa hivyo mwanafunzi anafunzwa pia kuinua mguu kwa pedali. Kila sekunde ya picha yenye huhitaji ni deni kwako na kwa mgonjwa.

Kwa miaka mingi jibu la nchi zetu lilikuwa ni kutuma daktari majuu akasome. Shida ni kwamba hospitali nyingi za Marekani na Ulaya hazimruhusu mgeni asiye na leseni ya huko kugusa mgonjwa. Anasimama kwa kona miezi kadhaa, anaangalia wengine wakifanya, anarudi na cheti na mikono ile ile aliyoenda nayo. Ama anapata leseni kabisa, na hapo wengi hawarudi. Hata akirudi, anapata mashine tofauti, hakuna nesi mwenye anajua jina la hizo waya, hakuna fundi wa picha mwenye anajua asimame wapi.

Ndio maana kile kilifanyika Dar es Salaam kinafaa kuangaliwa na kila mtu Nairobi. Kabla ya 2018, Tanzania, nchi ya watu zaidi ya milioni 50, haikuwa na huduma ya IR ya kusema iko. Daktari Fabian Laage-Gaupp, wakati huo bado akiwa mafunzoni Chuo Kikuu cha Yale, akishirikiana na Frank Minja, mzaliwa wa Tanzania aliyekuwa anafanya kazi Yale, na madaktari wa Muhimbili, waligeuza hesabu. Badala ya mwanafunzi kusafiri, mwalimu asafiri. Mradi ukaitwa Road2IR.

Ujanja wao ulikuwa kwa mbogi wenye walikuja. Hawakuleta daktari peke yake. Walikuja watatu watatu: daktari, nesi na mtaalamu wa mashine ya picha, wanakaa kama wiki mbili, wanaenda, wengine wanakuja. Kila mmoja anafunza mwenzake wa Muhimbili. Walianza na kazi zisizohitaji mitambo ya bei kali: kuchukua vinyama vya vipimo, kutoa usaha, mirija ya figo, mirija ya nyongo kwa watu wamegeuka manjano kwa sababu njia ya ini imeziba. Kazi za ndani ya mishipa zikafuata baadaye. Oktoba 2019, chuo cha MUHAS kikaanza shahada rasmi ya uzamili ya IR ya miaka 2, na mwaka wa 2021 wa kwanza wakahitimu. Walijifunza kwa wagonjwa wao, kwa Kiswahili, kwa vitanda vyenye watatumia maisha yao yote.

Nairobi tuko na madaktari wa hii fani, na kuna hospitali zinafanya, hata hiyo ya faibroidi. Tatizo ni kwamba ukitoka nje ya jiji wanapungua haraka sana. Na kuna kizingiti chenye mafunzo peke yake hayawezi kuruka: waya, katheta na vile vipunje ni vya kutumia mara moja halafu vinatupwa, na karibu vyote vinatoka nje kwa dola. Unaweza kuwa na daktari amesota miaka 13, mashine iko, umeme uko, halafu mgonjwa anarudishwa kwa sababu katheta ya saizi yake imeisha. Mwanafunzi naye siku hiyo hajaandika kitu kwa daftari lake.

Kwa hivyo mathe akiambiwa kizazi kitoke, ama buda akiambiwa mguu ukatwe, kabla mtie sahihi ulizeni swali moja kwa heshima tu: "Daktari, hii inaweza kufanywa na mtu wa IR, na kama hapa hayuko, yuko wapi?" Wakati mwingine jibu litakuwa hapana, na sababu ni ya maana. Wakati mwingine daktari atakwambia ukweli, kwamba hajui wa kumpigia.

Kule Muhimbili siku hizi wanajua wa kumpigia. Wenye walikuwa wanashikwa mkono 2019 ndio sasa wanasimama begani kwa wanafunzi wapya, wakirudia ile ile ya waya.