Bakapu ya hesabu zako: ifungue uone

Siku ya kikoba kugawana fedha, wanachama hutaka kujua mambo matatu: nani kachangia kiasi gani, nani bado anadaiwa, na jumla iliyopo ni shilingi ngapi. Zamani majibu yalikuwa kwenye daftari la jalada gumu. Siku hizi, kwa vikundi vingi na familia nyingi, yamo ndani ya faili moja la kompyuta: jedwali la Excel, au faili la programu ya hesabu kama GnuCash, ambayo ni ya bure na hufaa kwa fedha za nyumbani, za kikundi na za biashara ndogo. Faili hilo mara nyingi halizidi megabaiti chache, lakini limebeba jasho la miaka. Diski ikifa, kompyuta ikiibwa, au umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, jasho hilo linaweza kupotea kwa dakika moja.

Kinga inajulikana: nakala ya akiba, au bakapu kama wengi tunavyoiita. Kinachosumbua ni utekelezaji. Kwa maoni yangu kazi hii ina nusu mbili, na kila nusu ina mwenyewe. Kunakili tuiachie mashine, kwa sababu binadamu husahau. Kuhakiki tukushike sisi, kwa sababu mashine ikishindwa mara nyingi hunyamaza.

Nakala ikae wapi

Mtumiaji wa GnuCash ana mwanzo mzuri. Faili likiwa la muundo wa XML, ambao ndio wa kawaida, kila unapohifadhi kazi programu hubakiza toleo lililotangulia na kulipa jina lenye tarehe, saa, dakika na sekunde. Nakala hizo hutunzwa siku 30, isipokuwa ubadilishe mpangilio. Pamoja nazo huandikwa mafaili ya kumbukumbu yanayosaidia kurudisha miamala iliyoingizwa kabla kompyuta haijazimika ghafla. Aliyechagua kuhifadhi kwa muundo wa SQLite hapati nakala hizo za tarehe, hivyo ana sababu kubwa zaidi ya kujipangia ulinzi wake.

Lakini nakala hizo zote hukaa folda moja na faili lenyewe, kama ufunguo wa akiba uliofungwa kwenye pete moja na ule wa kila siku. Mwizi akibeba kompyuta, kabeba vyote. Ndiyo sababu wataalamu hufuata kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo. Kwa mweka hazina, maana yake ni faili la kazi kwenye kompyuta, nakala kwenye diski ya nje, na nyingine mtandaoni au nyumbani kwa katibu.

Mashine ifanye sehemu yake

Anza kwa kukusanya mafaili yote ya hesabu kwenye folda moja, ili mashine ijue pa kutazama. Windows ina File History na kompyuta za Mac zina Time Machine; kwa kawaida zote hukagua mabadiliko kila saa na kuyahifadhi kwenye diski ya nje. Time Machine hutunza nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi ya nyuma, mpaka diski ijae.

Matoleo haya ya nyuma yana thamani kubwa katika hesabu, kwa kuwa kosa la hesabu halijitokezi siku hiyohiyo. Mtu akifuta kwa bahati mbaya rejesho la mkopo la Machi, pengine litagunduliwa Juni, mkopaji anapokuja na risiti yake mkononi. Bakapu inayotunza nakala ya jana peke yake itakuwa imeshalihifadhi kosa lilelile.

Hapo ndipo wengi wanapoamini kuwa folda inayojisawazisha na Google Drive au Dropbox inatosha. Folda hiyo huiga ulichofanya: ukifuta faili kwenye kompyuta, na kule linafutwa. Google Drive huliacha kwenye pipa la taka siku 30 tu, kisha linaondoka kabisa. Afadhali programu ya bakapu yenye ratiba yake. Duplicati, kwa mfano, haina malipo. Hutuma sehemu zilizobadilika tu, hutunza matoleo, na huifunga data kwa neno la siri kabla haijatoka kwenye kompyuta yako. Kwa mafaili madogo kama haya, bando haliumii. Neno hilo la siri liandikwe kwenye karatasi na litunzwe pamoja na hati muhimu, maana likisahaulika hakuna atakayeifungua nakala.

Ratiba nayo ichaguliwe kwa akili. Iwe saa ambayo kompyuta huwa imewashwa na programu ya hesabu imefungwa, kwa sababu kunakili faili linaloendelea kuandikwa kunaweza kuzaa nakala mbovu. Ukitumia Task Scheduler ya Windows, washa mpangilio unaoruhusu kazi iliyopitwa na wakati wake ifanyike mapema iwezekanavyo. Palipo na umeme wa kukatikakatika, mpangilio huo ndio unaookoa wiki nzima.

Jambo la mwisho kwa upande wa mashine: diski moja isiachwe imechomekwa muda wote. Mwaka 2013 kirusi cha CryptoLocker kilifunga mafaili ya watu na kudai fidia, na kilifika hadi kwenye diski za nje zilizokutwa zimechomekwa. Diski iliyo kabatini hakikuweza kuigusa.

Sisi tuhakiki

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za watengenezaji wa programu, alifuta data ya seva kuu akidhani yuko kwenye seva nyingine. Kampuni ilikuwa na njia tano za kulinda data. Zilipohitajika, hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Bakapu ya kila siku ilikuwa ikishindwa kwa sababu ya tofauti ya matoleo ya programu, na barua pepe za kuonya kuhusu hitilafu hiyo zilikuwa zikikataliwa kabla ya kumfikia mtu. Waliokolewa na nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono takriban saa sita kabla, kwa shughuli nyingine. Kwa heshima yao, walieleza yote hadharani ili wengine wajifunze.

Wazee walisema akiba haiozi. Akiba ya kompyuta huoza, tena bila harufu. Hivyo mara moja kwa mwezi toa nakala moja kwenye bakapu, iweke kwenye kompyuta nyingine, uifungue. Chukua tarehe moja, linganisha salio lake na taarifa ya benki au ya M-Pesa. Yakilingana, bakapu yako ni ya kweli. Ukimaliza, futa nakala ya majaribio, asije mtu akaingizia miamala humo.

Mara moja kwa mwaka toa pia hesabu zako kwa muundo wa CSV, unaosomwa na karibu kila programu. Microsoft iliacha kuuza programu yake ya Money mwaka 2009, na waliokuwa na hesabu humo wakalazimika kutafuta pa kuhamia. Wafanyabiashara wa Kenya na Tanzania hutakiwa kisheria kutunza kumbukumbu za kodi kwa miaka mitano. Ndani ya muda huo programu inaweza kufa, kompyuta ikabadilishwa mara mbili.

Kwa vikundi, nashauri uhakiki huu uingizwe kwenye ajenda ya kila mwezi, baada tu ya taarifa ya fedha. Mweka hazina aseme nakala ya tarehe gani imefunguliwa, nani alishuhudia, na salio lilisomeka kiasi gani. Katibu aandike kwenye muhtasari. Wanachama waliozoea kuuliza fedha ziko wapi wana haki hiyohiyo ya kuuliza hesabu zake ziko wapi, na wapewe jibu lenye tarehe.