Bunduki Iliyoundwa kwa Soko: AK-101 na AK-103

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, historia ya bunduki ya Kalashnikov yadhihirisha kwamba hata kilichozoea kujiuza hulazimika kujitembeza majira yanapobadilika. Makala haya yanafafanua chimbuko la AK-101 na AK-103, bunduki za rashasha zilizoundwa nchini Urusi kwa azma ya kuuzwa ng'ambo.

Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka wa 1991, maagizo ya jeshi kwa viwanda vya silaha vya mji wa Izhevsk yalipungua mno. Ilibidi wateja wa kigeni watafutwe. Jeshi la Urusi lilitumia AK-74, ambayo risasi yake ya milimita 5.45 haikuwa imeenea sana kwingineko. Kwa hivyo wahandisi waliichukua AK-74M, toleo la mwaka wa 1991, wakairekebisha ilingane na risasi za mnunuzi. AK-101 ilipewa risasi ya milimita 5.56 inayotumiwa na majeshi ya NATO, nayo AK-103 ikapewa ile ya milimita 7.62 iliyotumiwa na AK-47 na ambayo tayari ilijaa katika maghala ya mataifa mengi.

Utendakazi wake ni ule ule wa awali. Risasi inapofyatuliwa, sehemu ya gesi hupenya kwenye kitundu kilichomo mtutuni na kusukuma pistoni nyuma. Ganda tupu hurushwa nje, kisha springi hurudisha pistoni mbele na risasi nyingine ikaingia. Aidha, kutoka kwa AK-74M zilirithi kitako cha plastiki nyeusi kinachokunjwa ubavuni, pamoja na reli ya kushikilia darubini.

Majina nayo yana funzo kwa mwanaisimu. Katika AK-47 na AK-74, tarakimu huashiria miaka ya 1947 na 1974. Tarakimu 101 haziashirii mwaka wowote; ni nambari ya bidhaa katika orodha ya muuzaji. Herufi K pekee ndiyo inayomkumbusha msomaji kuwa nyuma ya bidhaa hiyo alikuwapo binadamu, Mikhail Kalashnikov.

Binadamu huyo hakuishi bila majuto. Mwaka wa 2002, akiwa Ujerumani, alisema kwamba angependelea kubuni mashine ya kukatia nyasi. Mwaka wa 2012 alimwandikia Patriaki Kirill wa Kanisa la Othodoksi la Urusi, akiuliza iwapo ana hatia kwa vifo vilivyosababishwa na bunduki yake. Alifariki mwaka wa 2013. Barua hiyo ilipochapishwa mwaka wa 2014, msemaji wa Patriaki alieleza kwamba silaha inapotumiwa kuilinda nchi, Kanisa humuunga mkono aliyeiunda na askari anayeitumia.

Jibu hilo laweza kuitosheleza bunduki ya mwaka wa 1947. Je, laitosheleza AK-103, ambayo Venezuela iliagiza 100,000 mwaka wa 2005? Bunduki ya aina hiyo haikuundwa kuilinda nchi ya aliyeiunda, bali kukidhi haja ya yeyote mwenye fedha. Serikali inayoinunua huweza kupinduliwa, maghala yake yakaporwa, nayo bunduki ikaendelea kufanya kazi mikononi mwa asiyetajwa katika mkataba wowote. Muuzaji hana tena uwezo wa kuirejesha. Maji yakimwagika hayazoleki.