Sumaku Inayosoma Miti na Maji

Kiini cha atomu ya haidrojeni kina usumaku wake, mdogo mno. Kikiwekwa ndani ya sumaku kubwa huanza kuyumba huku kikizunguka, kama pia inayokaribia kuanguka, na kasi ya kuyumba kwake hutegemea nguvu ya sumaku iliyokizunguka: mara milioni 42.58 kwa sekunde kwa kila tesla moja. Kikirushiwa mawimbi ya redio yenye masafa hayohayo, kiini hupokea nishati, na mawimbi yakikatwa hutoa ishara yake hafifu inayoweza kunaswa kwa waya wa shaba. Jambo hilo huitwa mwitiko wa viini katika sumaku, na duniani kote hujulikana kwa herufi tatu, NMR. Felix Bloch wa Stanford na Edward Purcell wa Harvard walilithibitisha katika maji na nta ya parafini, kila mmoja kwa njia yake, na mwaka 1952 wakagawana Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Wanafizikia wa mwanzo walitaka tu kupima usumaku wa viini kwa usahihi, na walikerwa walipogundua kwamba haidrojeni moja haitoi jibu moja. Haidrojeni iliyoshikana na oksijeni huyumba kwa kasi tofauti kidogo na ile iliyoshikana na kaboni, kwa kuwa elektroni za jirani huikinga na sumaku kwa viwango visivyolingana. Tofauti yenyewe ni sehemu chache kwa milioni. Kilichowakera wanafizikia kikawa neema kwa wakemia, maana kila haidrojeni katika molekuli ilianza kutaja mahali ilipo na majirani zake. Kaboni nayo husomeka, ingawa ni asilimia 1.1 tu ya atomu zake zenye kiini kinachoitikia. Richard Ernst wa Uswisi, aliyepewa Nobel ya kemia mwaka 1991, alichangia sana kukuza mbinu za kuchora ishara hizo katika pande mbili, hata mkemia akaona kaboni ipi imeungana na haidrojeni ipi.

Mfano ulio karibu na kila nyumba ya pwani ya Afrika Mashariki ni mwarobaini. Ilikwisha kuonekana nchini Sudan, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwamba nzige huvamia kila jani wakauacha mti huo. Mwaka 1968 wanasayansi wa Uingereza waliitenga katika mbegu zake kemikali inayowazuia kula, azadiraktini. Kuitenga ni jambo moja, kujua umbo lake ni jambo jingine. Molekuli hiyo ina kaboni 35, haidrojeni 44 na oksijeni 16, zote zimefumwa katika pete zilizobanana. Umbo lililopendekezwa mwaka 1975 lilikuja kuonekana lina makosa, na sahihi halikupatikana hadi katikati ya miaka ya 1980, kwa vipimo vya NMR vilivyoungwa mkono na miale ya eksirei. Kuiunda maabara kulichukua muda mrefu zaidi: kazi hiyo ilikamilika Cambridge mwaka 2007, baada ya miaka 22.

Mwarobaini ulikuja pwani kutoka Asia, lakini una ndugu wa kienyeji. Mkomafi, mkoko wenye tunda la mviringo linalopasuka na kumwaga mbegu zenye pembepembe, ni wa ukoo huohuo, na umejaa kemikali za jamii ya azadiraktini, ziitwazo limonoidi. Watafiti wa Asia wamekwisha kutaja limonoidi nyingi sana za mkomafi, kila moja ikitambuliwa kwa NMR. Mkoko mwingine, msikundazi, hustawi hasa pale maji ya chumvi yanapokutana na maji matamu. Ndiyo maana delta ya Tana, kuanzia Kipini kupanda hadi kijiji cha Ozi, inasifika nchini Kenya kwa misikundazi yake. Mwaka 2014 watafiti wa Tanzania, wakishirikiana na mwenzao wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Johannesburg, walichapisha habari za flavonoidi mpya kutoka majani ya mti huo, pamoja na majaribio dhidi ya bakteria wa jamaa ya wale wa kifua kikuu. Hiyo si dawa bado. Kemikali nyingi hufaulu katika chupa ya maabara zikashindwa katika mwili wa mtu, na anayeuza majani ya mikoko kwa jina la utafiti wa namna hiyo anadanganya. Hata hivyo, ni ushahidi kwamba mti unaofahamika Ozi kwa ubao wake mgumu una mambo ambayo shoka halikuyaonyesha.

Ushirikiano na Johannesburg una sababu yake. Mashine nzuri ya NMR ina sumaku ya waya usio na ukinzani wa umeme, na waya huo hufanya kazi tu ukizama katika heliamu ya kimiminika, kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Heliamu hiyo huvukika polepole na lazima iongezwe. Ikikosekana, waya hupata joto, usumaku hutoweka kwa ghafla, na gesi yote hupaa hewani. Kununua mashine ni gharama ya mara moja, bali kuilisha ni gharama ya daima, na vyuo vingi vya kanda hii hukwama hapo. Kwa miongo kadhaa, Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vinginevyo vimekuwa vikituma miligramu chache za unga wa mimea kwa washirika wa ng'ambo, Sweden ikiwa mbele. Mpango wa sayansi wa Chuo Kikuu cha Uppsala, ulioanza mwaka 1961, umewasaidia wakemia wengi wa Afrika Mashariki, na tangu mwaka 1984 wao wenyewe wana mtandao wao wa utafiti wa kemikali za mimea, NAPRECA. Wanafunzi wengi wa shahada za juu walioingia katika fani hii wamepitia njia hizo mbili.

Heliamu haitengenezwi kiwandani. Huzaliwa miambani, urani na thori zinapooza, na hukusanyika pale tabaka la juu linapoizuia. Mwezi Juni 2016 vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, vilitangaza kwamba bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, lina akiba kubwa. Makisio ya wakati ule yalikuwa futi za ujazo bilioni 54. Uchimbaji wa majaribio umefuata. Ni kinaya kwamba kanda yenye gesi hiyo ardhini ndiyo inayoshindwa kuijaza katika sumaku zake. Tanzania ikiuza yote nje bila kuvitengea vyuo vya jirani fungu lao, kinaya hicho kitaendelea.

Safari ya majani kutoka kijijini hadi maabara ya ng'ambo ina sheria zake. Nchini Kenya, mtafiti lazima awe na kibali cha tume ya NACOSTI, na anayechukua mali ya viumbe hai anahitaji pia ruhusa chini ya kanuni za mazingira za mwaka 2006, ambazo zinadai ridhaa ya jamii husika kabla ya sampuli kuondoka. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika Oktoba 2014, inaongeza sharti la kugawana faida. Misitu ya mikoko yenyewe ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali tangu mwaka 1932. Mkaazi wa Ozi anayeombwa kuonyesha mti wa dawa ana haki ya kuuliza kibali kiko wapi.

Sumaku nzito za heliamu, hata hivyo, si njia pekee. Mwaka 2020 jijini Florence, Italia, ilisimikwa mashine ya tesla 28.2, yenye nguvu kuliko zote za biashara zilizotangulia. Habari iliyo muhimu zaidi kwa Afrika Mashariki ilitoka upande wa pili kabisa, wa sumaku dhaifu. Picha za MRI za hospitali hutokana na NMR ileile, zikisoma haidrojeni ya maji mwilini, na mashine za kawaida ni za tesla 1.5 au 3. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, Waganda na wenzao wa Leiden, Uholanzi, waliunganisha mashine ya tesla 0.05 tu kwa muda wa siku 11. Sumaku yake ni vipande vingi vidogo vya neodimiamu vilivyopangwa katika duara kiasi kwamba nguvu yote inaelekea ndani. Haihitaji heliamu. Picha zake hazina makali, lakini zinatosha kuonyesha kichwa cha mtoto kilichojaa maji, ugonjwa ambao nchini Uganda huwapata watoto wengi baada ya maambukizi ya uchangani. Michoro ya mashine za aina hiyo imewekwa wazi kwa yeyote, na jambo lenye thamani kubwa zaidi ni kwamba ikiharibika, wapo mafundi Mbarara wanaojua kila skrubu yake.

Milango mingine nayo iko wazi. Kuna muungano wa wataalamu uitwao CAMERA, unaoendeleza mafunzo na utafiti wa MRI barani Afrika, na chama cha kimataifa cha fani hii, ISMRM, kiliupanga mkutano wake wa mwaka 2026 ufanyike Cape Town. Kwa wakemia, kuna mashine za mezani zenye sumaku za kudumu, zisizo na heliamu, zinazotosha kukagua mafuta ya kupikia au asali iliyochanganywa. Haziwezi kulifumbua umbo la azadiraktini, na hazikukusudiwa hivyo.

Kuna NMR nyingine isiyohitaji sumaku yoyote ya kununuliwa, kwa kuwa hutumia usumaku wa dunia yenyewe. Ozi, usumaku huo ni kama sehemu 33 za milioni ya tesla, na hapo haidrojeni ya maji huyumba takriban mara 1,400 kwa sekunde. Wasovieti wa Novosibirsk ndio walioanza kuitumia kutafuta maji ardhini, na Wafaransa wakatengeneza vifaa vya kuuza katika miaka ya 1990. Waya hutandazwa chini katika duara la makumi ya mita, hupitishwa mkondo wa umeme wenye masafa hayo, kisha hukatwa ghafla. Kama kuna maji chini, viini vyake hujibu. Ukubwa wa jibu hueleza wingi wa maji, na muda wa kufifia kwake hueleza kama yamo katika mchanga unaoyaachilia au katika mfinyanzi unaoyashikilia. Kina kinachofikiwa ni mita mia moja hivi. Udongo wenye chumvi nyingi hukipunguza, na nyaya za umeme zilizo karibu huleta kelele.

Tofauti na njia iliyozoeleka ya kupima ukinzani wa ardhi ni kubwa. Ukinzani mdogo unaweza kumaanisha maji ya chumvi, na unaweza kumaanisha mfinyanzi tu. NMR husikia maji yenyewe, ila haijui kama yana chumvi. Vipimo viwili vikiwekwa pamoja, maji matamu hujitenga na ya chumvi. Thamani ya kuipima chumvi mapema ilionekana Septemba 2013, ilipotangazwa kwa shangwe kwamba Turkana, kaskazini mwa Kenya, ina ziwa la chini ya ardhi huko Lotikipi, lililotambuliwa hasa kwa picha za rada. Visima vilipochimbwa, maji yakawa na chumvi isiyonyweka.

Delta ya Tana ina shida hiyohiyo kwa sura nyingine. Mabwawa ya juu ya mto, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, yamebadili mafuriko yaliyokuwa yakisukuma bahari nyuma, na mvua haziaminiki tena. Wakulima wa Ozi, waliokuwa wakilima mpunga kwa maji matamu yanayoinuliwa na bahari inapojaa, wameona chumvi ikipanda mtoni, mashamba yakiachwa na miembe ikikauka. Delta ni ardhioevu inayotambuliwa na mkataba wa kimataifa wa Ramsar tangu mwaka 2012, lakini hadhi hiyo haimwambii mtu achimbe kisima wapi.

Vifaa vya kupima maji kwa njia hii ni ghali kwa kijiji, si kwa kaunti wala chuo kikuu cha pwani, na vinahamishika. Sehemu yake ya msingi inaweza hata kufundishwa katika chuo cha ufundi: chupa ya maji, waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi, na kikuza sauti kizuri, mbali na nguzo za umeme. Fedha zikipatikana za tawi moja tu la sayansi hii kwa kaunti ya Tana River, zianze na maji, kisha misikundazi.