Nakala Rudufu za Taarifa za Wagonjwa: Kinga Kabla ya Maafa

Mgonjwa wa kifua kikuu anaporudi kliniki katika mwezi wa tatu wa matibabu, yapo maswali ambayo mhudumu hawezi kuyajibu kwa kumtazama tu. Dawa zilianza tarehe ngapi? Uzito wake siku hiyo ulikuwa kilo ngapi, maana kipimo cha dawa hupangwa kwa uzito? Makohozi yake yalionesha nini mwishoni mwa mwezi wa pili? Majibu yote yamo katika kumbukumbu za kituo. Iwapo kumbukumbu hizo zilihifadhiwa katika kompyuta moja tu, na kompyuta hiyo imeungua kwa radi usiku uliopita, kliniki inabaki na mgonjwa asiye na historia.

Vituo vya kutolea huduma za afya vinaendelea kuhama kutoka kwenye majalada ya karatasi kwenda kwenye mifumo ya kompyuta. Nchini Tanzania vituo vingi vya umma hutumia mfumo wa GoTHoMIS, na takwimu za afya hukusanywa kitaifa kupitia DHIS2, programu iliyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Faida zake ni nyingi: jalada halipotei kabatini, majibu ya maabara humfikia daktari upesi, na madai ya bima huandaliwa kwa urahisi. Hata hivyo, mabadiliko haya yameleta hatari ya namna mpya. Rejesta moja ikilowa, taarifa za rejesta moja hupotea. Diski ya seva ikiharibika, taarifa za miaka mingi zinaweza kupotea kwa dakika moja.

Nakala rudufu ni nini?

Nakala rudufu ni nakala ya data iliyotengwa na ile ya awali, inayoweza kutumika kuirejesha data hiyo pindi inapopotea au kuharibika. Neno la msingi hapa ni "iliyotengwa". Seva nyingi huwa na diski mbili zinazoandika jambo lilelile kwa wakati mmoja. Mpangilio huo husaidia diski moja inapokufa, lakini si nakala rudufu. Karani akifuta kwa makosa orodha ya wajawazito, orodha hiyo hufutika katika diski zote mbili papo hapo. Vivyo hivyo kwa mafaili yanayolinganishwa moja kwa moja na hifadhi ya mtandaoni: kosa husafiri kwa kasi ileile inayosafiri nayo data sahihi.

Urejeshaji baada ya maafa ni jambo pana zaidi. Ni mpango ulioandikwa unaoeleza nani atafanya nini, kwa kutumia vifaa gani na kwa utaratibu upi, ili huduma irudi baada ya moto, mafuriko, wizi, hitilafu ya umeme au shambulio la kimtandao. Nakala ni dawa iliyo kabatini. Mpango ni mhudumu anayejua kuitoa.

Mafunzo kutoka kwingineko

Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans, Marekani, tarehe 29 Agosti 2005, maji yaliharibu majalada mengi ya karatasi katika hospitali na zahanati za jiji hilo. Wagonjwa waliokimbilia majimbo mengine walifika bila kumbukumbu zao. Hali ilikuwa tofauti kwa maveterani wa jeshi waliotibiwa katika hospitali ya idara yao. Kumbukumbu zao zilikuwa za kielektroniki, na tepu zenye nakala zilisafirishwa hadi Houston, ambako mfumo uliwashwa upya. Madaktari wa miji mingine waliweza kuona dawa ambazo veterani alikuwa akitumia, ingawa hospitali yake ilikuwa imefungwa. Kilichowaokoa si kompyuta peke yake. Ni nakala iliyoweza kuondoka mahali pa maafa.

Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo moja la kuhifadhi data la kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja walipoteza data zao moja kwa moja, kwa sababu nakala walizozitegemea zilikuwa katika eneo hilohilo. Tukio hilo linakumbusha kwamba kinachoitwa "wingu" si kitu kinachoelea angani. Ni kompyuta zilizo ndani ya jengo fulani, na jengo huweza kuungua.

Miezi miwili baadaye, tarehe 14 Mei 2021, huduma ya afya ya umma ya Ireland ilishambuliwa na programu hasidi inayofunga mafaili ili wahalifu wadai fedha. Mifumo yote ilizimwa, miadi ya wagonjwa ikaahirishwa, na wahudumu wakarudi kwenye kalamu na karatasi. Serikali ilikataa kulipa. Ingawa baada ya takribani wiki moja wahalifu wenyewe walitoa ufunguo wa kuyafungua mafaili, kazi ya kurejesha mifumo iliendelea hadi Septemba. Uchunguzi ulionesha kwamba mlango ulifunguliwa tarehe 18 Machi, mtumishi alipofungua faili lililoambatishwa kwenye barua pepe. Yaani wavamizi walikaa ndani kwa takribani wiki nane kabla ya kujidhihirisha. Kwa hiyo kituo chenye nakala ya jana tu hakiko salama. Yafaa kutunza pia nakala za wiki na miezi iliyopita, na angalau moja isiyounganishwa kabisa na mtandao.

Kanuni ya tatu, mbili, moja

Wataalamu wa kompyuta hutumia kanuni rahisi kukumbuka: kuwe na nakala tatu za data, katika aina mbili za hifadhi, na moja kati ya hizo iwe mbali na kituo. Hospitali ya wilaya, kwa mfano, inaweza kuwa na data hai kwenye seva, nakala ya kila usiku kwenye diski ya nje inayochomolewa na kufungiwa kwenye kabati lililo katika jengo jingine, na nakala ya tatu inayotumwa kupitia intaneti kwenye kituo cha data kilicho mkoa mwingine. Diski inayoachwa imechomekwa kwenye seva usiku na mchana itaungua pamoja na seva, au itafungwa na programu hasidi pamoja nayo.

Kabla ya kununua kifaa chochote, uongozi wa kituo unapaswa kujibu maswali mawili. La kwanza: kituo kinaweza kuvumilia kupoteza data ya muda gani? Nakala ikichukuliwa mara moja kwa siku, saa sita usiku, seva ikifa saa kumi jioni hupotea kazi yote ya siku hiyo. La pili: huduma inaweza kuendelea kwa muda gani bila mfumo? Maabara na wodi ya wazazi hazina subira sawa na ofisi ya manunuzi, na mpango mzuri hutaja kitakachorejeshwa kwanza.

Hesabu ya intaneti nayo isipuuzwe. Kutuma gigabaiti 10 kwa njia yenye kasi ya megabiti 2 kwa sekunde huchukua takribani saa 11. Ndiyo maana programu za nakala hutuma data yote mara ya kwanza tu, kisha hutuma mabadiliko ya kila siku. Lakini siku ya maafa, data yote hurudi kwa mkupuo. Kurejesha gigabaiti 200 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua takribani saa 44, karibu siku mbili nzima, hata kama njia haitakatika. Na njia hukatika: tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika mikongo ya baharini ilidhoofisha intaneti Tanzania na katika nchi jirani. Nakala ya mbali hukilinda kituo dhidi ya moto na mafuriko. Nakala ya karibu hukiwezesha kurudi kazini upesi. Moja haichukui nafasi ya nyingine.

Siri ya mgonjwa husafiri na nakala

Kila nakala mpya ni mahali papya ambapo siri ya mgonjwa inaweza kuvuja. Flashi yenye orodha ya watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ikisahaulika kwenye daladala, huleta madhara ambayo hakuna programu inayoweza kuyarekebisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huzihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti na huweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2019. Kwa hiyo nakala zifungwe kwa maandishi ya siri yanayohitaji ufunguo ili kusomeka, na ufunguo huo utunzwe na zaidi ya mtu mmoja, mahali tofauti na ilipo nakala. Ufunguo uliohifadhiwa ndani ya seva iliyoungua haufungui kitu.

Wajibu wa mhudumu na wa mgonjwa

Muuguzi, mkunga au mtaalamu wa maabara si fundi wa kompyuta, lakini ana sehemu yake. Asifungue faili lililotumwa na mtu asiyemfahamu. Asiazime nywila yake. Ajue fomu za karatasi za dharura zilipo, zinavyojazwa, na nani ataziingiza kwenye mfumo huduma itakaporejea. Dozi iliyoandikwa kwenye karatasi isipoingizwa inaweza kutolewa mara ya pili. Pia ana haki ya kuuliza swali moja katika kikao cha kituo: mara ya mwisho nakala zetu zilijaribiwa lini?

Swali hilo lina uzito kuliko ununuzi wa kifaa kipya. Programu inaweza kuandika kila asubuhi kwamba kazi imekamilika, huku ikinakili folda tupu. Njia pekee ya kujua ni kuichukua nakala, kuirejesha kwenye kompyuta nyingine isiyo katika matumizi, kisha kumtafuta humo mgonjwa mmoja na kulinganisha vipimo, dawa na tarehe zake. Zoezi hilo lifanyike angalau kila baada ya miezi mitatu, na matokeo yaandikwe.

Mgonjwa naye atunze kadi yake ya kliniki, ajue majina ya dawa anazotumia na vipimo vyake, na akumbuke dawa zinazomletea mzio. Wenye kisukari, shinikizo la damu, kifafa au selimundu wanafaa kuandika mambo hayo kwenye kijikaratasi na kumwachia nakala mtu wa karibu wanayemwamini. Hiyo nayo ni nakala rudufu iliyo mbali na kituo, na haihitaji umeme.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa nafaka iliyotunzwa vyema ghalani, ni kweli. Akiba ya data huoza kimyakimya: diski huchakaa, tepu hufifia, nywila husahaulika, na mtumishi aliyejua utaratibu huhamishwa. Kituo kinachokagua akiba yake kila msimu ndicho kitakachoweza kumwambia yule mgonjwa wa kifua kikuu, asubuhi baada ya radi, tarehe aliyoanza dawa na tarehe atakayomaliza.