Ziara ya Siku Moja Nje ya Nchi: Unacholipia na Unachostahili Kukipata

Kwa mkazi wa Buseresere, Kigali iko karibu kuliko Dar es Salaam. Barabara ya kuelekea Biharamulo na Ngara humfikisha msafiri mpakani Rusumo, na kutoka hapo zimesalia zaidi kidogo ya kilomita 150 kufika katika mji mkuu wa Rwanda. Wafanyabiashara wa Katoro na Buseresere, wachimbaji wadogo waliouza dhahabu vizuri, vikundi vya kuweka na kukopa na kwaya za makanisa wanaweza kufanya safari hiyo kwa siku chache tu. Kati ya siku hizo, wengi hutenga moja kwa ajili ya kutembezwa mjini na mtu anayeufahamu.

Siku hiyo moja ndiyo tunayoieleza katika makala haya. Ziara ya kuongozwa ni bidhaa kama bidhaa nyingine, isipokuwa kwa jambo moja: huwezi kuishika wala kuijaribu kabla ya kuilipia. Unanunua ahadi. Kwa sababu hiyo, mlaji anapaswa kuifahamu ahadi hiyo vizuri kabla fedha haijatoka mkononi mwake.

Bei ya ziara imebeba nini

Ziara ya siku moja huwa na sehemu tano: usafiri, mwongozaji, viingilio, chakula na maji, pamoja na nyaraka na bima. Muuzaji mmoja anaweza kutoza bei kubwa iliyobeba sehemu zote, na mwingine akatoza bei ndogo iliyobeba gari na dereva tu. Bei hizo mbili hazilinganishiki mpaka sehemu zake zitajwe moja moja. Maneno "kila kitu ndani" hayatoshi, kwa kuwa kila upande huyafasiri kwa namna inayoufaa.

Tuchukue mfano tuliouandaa kwa ajili ya maelezo haya. Kikundi cha watu 12 cha Buseresere kinaambiwa kwamba ziara ya Kigali ni shilingi 150,000 kwa kila mtu, kila kitu ndani. Mweka hazina anatuma shilingi 1,800,000 kwa simu, kwenye namba binafsi ya muuzaji. Fedha hiyo ni akiba ya kikundi. Wakifika Kigali, dereva anawaambia kwamba chakula cha mchana kila mtu atajilipia. Anaongeza kuwa kuna mchango wa kiingilio cha Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Gisozi. Siku yenyewe ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, hivyo saa za asubuhi zinapita wakiwa wamekaa garini. Wanaporudi na kudai sehemu ya fedha yao, muuzaji anajibu kwamba Kigali wamefika na ahadi imetimia.

Je, ni yapi kati ya hayo yangeweza kuzuiwa? Tunaona kwamba yote yangezuilika. Kuingia katika Kumbukumbu ya Gisozi hakuna kiingilio. Kinacholipiwa ni huduma za ziada, kama vile vifaa vya kusikilizia maelezo, na mgeni anaweza kutoa mchango kwa hiari yake. Suala la chakula lingemalizwa na mstari mmoja wa maandishi. Na Jumamosi ile ingejulikana mapema kwa kutazama kalenda.

Kabla ya kulipa

Kwanza, mfahamu muuzaji. Anayefanya biashara ya wakala wa safari au ya kuendesha ziara hapa nchini anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Omba kuiona leseni hiyo, kisha hakiki jina la biashara au kampuni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Kampuni ya Rwanda na mwongozaji wake wanapaswa kuwa na leseni ya Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB). Muuzaji wa kweli haoni haya kuulizwa mambo hayo. Anayekasirika akiombwa leseni amekwisha kukupa jibu.

Pili, lipa kwa njia inayoacha alama. Malipo yaende kwenye akaunti au namba ya malipo yenye jina la biashara, nawe udai risiti. Pale inapowezekana, toa malipo ya awali na kubakiza sehemu ya kumalizia baada ya huduma kuanza. Mkikubaliana hivyo, andikeni pia kiasi kitakachorudishwa iwapo safari itaahirishwa, na ni upande upi utakaobeba hasara hiyo.

Tatu, pata ahadi kwa maandishi. Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba, lakini ugumu wake huanza pale yanapohitaji kuthibitishwa. Si lazima uwe na karatasi yenye muhuri; ujumbe wa simu unaotaja tarehe, saa ya kuondoka na kurudi, vituo vitakavyotembelewa, aina ya gari, lugha ya mwongozaji na kila kilichomo katika bei unatosha kukusaidia siku ya shauri. Kuhusu lugha, Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda tangu mwaka 2017, hivyo si jambo la ajabu kudai mwongozaji anayekizungumza.

Nne, hakiki nyaraka zako mwenyewe. Unahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari itolewayo na Idara ya Uhamiaji. Usitegemee kitambulisho cha Taifa peke yake bila kuuliza katika ofisi ya Uhamiaji. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Iwapo kikundi kinakodi gari hapa nyumbani, hakikisha lina leseni ya LATRA ya kubeba abiria pamoja na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya kuvuka mipaka. Abiria anayezuiwa mpakani kwa kukosa hati yake mwenyewe hana haki ya kumdai mwendesha ziara, ila kama huyo ndiye aliyemhakikishia kwamba hati haihitajiki.

Mambo ya Kigali yanayobadili thamani ya ziara yako

Saa za Rwanda ziko nyuma ya saa zetu kwa saa moja. Simu nyingi hujibadilisha zenyewe mara tu zinapovuka mpaka. Kama gari lenu la kurudi linaondoka upande wa Tanzania saa 1:00 usiku, simu iliyobaki katika saa za Rwanda itakuonyesha saa 12:00 jioni wakati gari linang'oa nanga. Andikeni katika ratiba ni saa za nchi ipi zinazotumika.

Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi ni siku ya umuganda, yaani kazi za pamoja za jamii. Tangu saa 2:00 hadi saa 5:00 asubuhi shughuli nyingi husimama na magari huzuiwa barabarani. Aidha, wiki inayoanza tarehe 7 Aprili ni ya maombolezo ya Mauaji ya Kimbari ya mwaka 1994, ambapo burudani nyingi husitishwa. Muuzaji anayekupangia ziara katika siku hizo bila kukueleza hajakutendea haki.

Nchini Rwanda magari hupita upande wa kulia. Mlango wa abiria wa gari letu uko kushoto, hivyo gari likiegeshwa pembeni mwa barabara huko, mlango huo hufungukia katikati ya barabara. Mwongozaji makini hushuka wa kwanza na kuwaangalizia abiria wake. Tunawasihi wazazi wanaosafiri na watoto wasilisahau jambo hili.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda tangu mwaka 2008, hivyo panga vitu vyako katika mfuko wa kitambaa kabla ya kufika mpakani.

Hifadhi za wanyama, kama Akagera, huwa na bei ya raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyo chini kuliko ya wageni wa mabara mengine. Uliza ziara yako imekokotolewa kwa bei ipi, na ubebe hati inayothibitisha uraia wako. Kama muuzaji amekutoza bei ya mgeni wa mbali na kulipa ile ya raia wa Jumuiya, tofauti hiyo ni yako.

Siku ya ziara

Linganisha kinachotokea na ratiba uliyopewa. Kubadilisha kituo kimoja kwa sababu ya mvua au barabara kufungwa ni jambo la kawaida, lakini mwongozaji anawajibika kueleza sababu na kutoa mbadala wa thamani inayolingana. Kupelekwa katika maduka ambayo hayamo katika ratiba ni jambo jingine. Mara nyingi mwongozaji hupata kamisheni kwa kila mnunuzi anayemleta. Huna wajibu wa kununua chochote, na muda unaopotea dukani ni muda ulioulipia. Bakshishi nayo ni hiari, wala haiwezi kugeuzwa deni.

Tunakumbusha pia kwamba Gisozi ni mahali pa maziko. Zaidi ya watu 250,000 wamelazwa hapo. Ratiba inayotenga nusu saa kwa mahali kama hapo, ili kuwahi soko, haimtendei haki mgeni wala marehemu. Uliza mapema mtapewa muda gani.

Mambo yakienda kombo

Lalamika papo hapo, kwa upole na kwa maandishi. Ujumbe uliotumwa saa ileile una uzito kuliko simulizi ya wiki mbili baadaye. Hifadhi risiti, ratiba, picha za tangazo na majina ya wenzako walioshuhudia. Ukirejea, mwandikie muuzaji ukieleza alichoahidi, alichotoa na unachodai, kisha umpe tarehe ya mwisho ya kujibu.

Asipojibu, wasilisha lalamiko kwa Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, kutoa maelezo ya uongo kuhusu huduma, na kutangaza bei ya chambo ambayo muuzaji hakusudii kuiheshimu. Unaweza pia kudai fedha yako mahakamani, kuanzia Mahakama ya Mwanzo. Palipo na dalili za utapeli, kama vile muuzaji kupokea fedha na kutoweka, nenda polisi bila kuchelewa. Kama ulinunua ziara moja kwa moja kwa kampuni ya Rwanda, lalamiko lako lipelekwe kwa mamlaka ya nchi hiyo inayoshughulikia ukaguzi, ushindani na ulinzi wa mlaji, RICA. Ni vema basi kujua, kabla ya kulipa, muuzaji wako yuko upande upi wa Mto Kagera.

Turudi kwa kikundi chetu cha mfano. Kama mweka hazina angetuma ujumbe mmoja wenye maswali matano (gari gani, mwongozaji yupi, viingilio vipi, chakula kipo, na tarehe hiyo ina nini) angepata majibu ya kushika mkononi, au angetambua mapema kwamba muuzaji hana majibu. Katika hali zote mbili akiba ya wanakikundi ingekuwa salama. Mali bila daftari huisha bila habari. Na ziara iliyolipwa bila maandishi haina tofauti.